Saba kwa saba: mwongozo kamili wa kufuatilia siku nne za kwanza za Wimbledon ukiwa Mbeya

Mwaka jana watu watatu hapa mjini waliniambia neno lilelile: "Niliwasha TV, nikakuta hakuna kitu." Wa kwanza aliona imeandikwa 11:00, akawasha saa tano asubuhi. Wa pili alisubiri Jumamosi kama vile ni ligi ya mpira, akakuta wachezaji zaidi ya 96 kati ya 128 wa kila upande, wanaume na wanawake, wameshafungasha mabegi. Wa tatu aliganda kwenye uwanja mkuu kutwa nzima, akatazama mechi tatu za kuoneana huruma huku viwanja vya pembeni vikiwaka moto.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya hao watatu na wenzao. Unahusu siku nne tu, Jumatatu hadi Alhamisi ya wiki ya kwanza ya Wimbledon, mashindano ya tenisi ya nyasi yanayochezwa London. Mashindano yote yana mechi 254 za mchezaji mmoja kwa mmoja, na 128 kati ya hizo zinachezwa Jumatatu na Jumanne. Zaidi ya nusu ya karamu inaliwa kabla wengi hawajanawa mikono.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi mbili za droo (nani anakutana na nani), ya wanaume na ya wanawake, zilizochapishwa steshenari. Usitegemee kuitazama kwenye kioo cha simu, majina 128 hayakai humo.
- Penseli na kifutio. Kalamu ya wino utaijutia kufikia Jumanne jioni.
- Mahali pa kutazamia: king'amuzi chenye kifurushi cha tenisi, kibanda umiza, au bando la kutosha.
- Spika za masikioni, kwa saa ambazo uko kazini na huwezi kuangalia picha.
- Pawabenki iliyojaa, na luku isiyosoma uniti mbili.
- Koti zito au blanketi, na chupa ya chai. Mwisho wa Juni usiku wa Mbeya unashuka chini ya nyuzi 10, na ukiwa Uyole au Njombe unajua mwenyewe.

Onyo moja kabla hatujaanza: usiingize jiko la mkaa ndani ukafunga madirisha ili utazame mechi ya usiku kwa raha. Gesi yake haina harufu, na inaua watu wakiwa wamekaa vizuri kabisa. Blanketi linatosha.

## Hatua ya 1: Weka saa sawa

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwisho wa Juni Uingereza iko kwenye saa za kiangazi, nyuma yetu kwa saa mbili. Ukichanganya na sisi tunavyohesabu saa kuanzia alfajiri, kichwa kinazunguka. Njia ya mkato ni hii: chukua saa iliyoandikwa kwenye ratiba ya Uingereza, toa nne, umepata saa ya Kiswahili. Ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena.

11:00 toa nne ni saa saba mchana. Hapo viwanja vya pembeni vinaanza.

13:00 toa nne ni saa tisa. Hapo Uwanja Namba 1 unaanza.

13:30 ni saa tisa na nusu, na hapo Centre Court, uwanja mkuu, unafunguliwa.

23:00 toa nne ni kumi na tisa; toa kumi na mbili, saa saba usiku. Huo ndio mwisho. Kwa kawaida hakuna mpira unaopigwa baada ya hapo.

Kwa hiyo siku nzima ni saba kwa saba, saa saba mchana hadi saa saba usiku. Mtu aliyezoea kusherehekea Sabasaba tarehe 7 Julai hana sababu ya kusahau.

Onyo: programu nyingine za simu zinabadilisha saa zenyewe kufuata mahali ulipo. Ukitoa nne juu ya saa ambayo imeshabadilishwa, umepotea tena. Jipime kwa mechi ya kwanza ya uwanja wowote wa pembeni. Ikiandikwa 11:00, unasoma saa za London, toa nne. Ikiandikwa 13:00, simu imeshakusaidia, isome kama unavyosoma saa ya simu siku zote.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kumjibu mtu papo hapo kwamba 17:00 ya London ni saa moja jioni, bila kushika kikokotoo.

## Hatua ya 2: Chapisha droo Ijumaa, isome Jumamosi

Droo inapangwa Ijumaa kabla ya mashindano. Ipakue siku hiyohiyo, peleka steshenari, chapisha kwa ukubwa unaosomeka. Ukisubiri Jumatatu asubuhi utaisoma mbio mbio, na droo ya kusoma mbio mbio ni orodha ya majina tu.

Ukiikunjua utaona namba pembeni ya majina 32. Hao ndio waliopewa namba kwa ubora, na wametawanywa makusudi ili wasikutane mapema. Kwenye raundi ya kwanza na ya pili hakuna mwenye namba atakayekutana na mwenye namba mwenzake. Ndiyo maana wengine husema raundi hizi ni za kupoteza muda, simba anakula swala. Mimi nasema hawajui kusoma droo.

Angalia wale wasio na namba. Humo kuna makundi matatu ya kuzungushia duara.

Kwanza, waliopitia mchujo. Wameshacheza mechi tatu kwenye nyasi wiki iliyotangulia, huko Roehampton, na wameshinda zote tatu. Mwenye namba anafika kutoka kwenye viwanja vya udongo vya Ufaransa, pengine na mechi moja au mbili tu za nyasi miguuni. Nani ameshazoea uwanja?

Pili, walioalikwa na waandaaji bila kupitia mchujo. Wengi hutoka raundi ya kwanza, lakini Goran Ivanišević mwaka 2001 aliingia kwa mwaliko wa namna hiyo, akiwa wa 125 duniani, na akabeba kombe.

Tatu, warefu wa sevu, lile pigo la kuanzisha kila pointi. Kwenye nyasi mpira haudundi juu, unateleza. Mtu mwenye sevu nzito anaweza kumwangusha yeyote siku moja. Ivo Karlović, mtu wa zaidi ya mita mbili, mwaka 2003 alikuja Centre Court Jumatatu ya kwanza kabisa na kumtoa Lleyton Hewitt, bingwa mtetezi. Raundi ya kwanza hiyo.

Weka alama ya mshangao kwenye kila mechi ambapo mwenye namba anakutana na mmoja wa hawa. Ukipata alama saba au nane, umeisoma vizuri. Ukipata thelathini, umejaza matumaini yako tu, rudia.

## Hatua ya 3: Chagua watu wanne, basi

Kosa la mgeni ni kutaka kuona kila kitu. Saa saba mchana kunakuwa na mechi zaidi ya kumi zinazoanza kwa pamoja. Hakuna macho ya namna hiyo.

Chagua wanne. Bingwa mtetezi mmoja, kwa sababu kwa desturi bingwa wa wanaume hufungua Centre Court Jumatatu na bingwa wa wanawake Jumanne, hivyo unajua saa yake bila kuuliza. Markéta Vondroušová alikuja hivyo Jumanne ya 2024 akiwa bingwa, akatolewa siku hiyohiyo. Wa pili awe kijana ambaye hujawahi kumsikia. Coco Gauff alikuwa na miaka 15 alipomtoa Venus Williams raundi ya kwanza ya 2019, na waliomtazama siku ile bado wanajisifu. Wa tatu atoke Afrika, akiwepo. Wengi tulijifunza kukaa macho kwa sababu ya Ons Jabeur wa Tunisia, aliyefika fainali 2022 na 2023. Mwaka huohuo wa 2022 Angella Okutoyi wa Kenya alishinda ubingwa wa wasichana wa wawili wawili pale pale Wimbledon, na nakumbuka siku ile jirani yangu asiyejua tenisi alitaka kujua huyo ni binti wa wapi hasa.

Wa nne mchague kwa sababu yoyote ya kipuuzi. Jina lake, kofia yake. Huyo ndiye utakayempenda kuliko wote.

## Hatua ya 4: Pata mahali pa kutazamia kabla ya Jumatatu

Kama una king'amuzi, chaneli za SuperSport ndizo ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikileta Wimbledon huku kwetu. Lakini kifurushi chako cha mpira si lazima kiwe na chaneli ya tenisi. Nenda kwa wakala, uliza swali moja tu: "Kifurushi hiki kitanionyesha tenisi wiki ijayo?" Usikubali jibu la "michezo yote ipo." Nililipia mara moja kwa jibu hilo, nikaishia kutazama marudio ya gofu.

Kama huna, kuna kibanda umiza. Watu wanadhani mwenye kibanda atawacheka. Fikiria hesabu yake: kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja siku ya kazi anaonyesha filamu zilizotafsiriwa kwa vijana wanne, wawili wamelala. Ligi za Ulaya zimefungwa. Mfuate Jumamosi, ongea naye kistaarabu: "Kaka, nakuja na watu watano, tunalipa kiingilio kama cha mpira, tunaomba saa saba hadi saa kumi na moja." Mlipe hapohapo. Mkipatana kwa maneno matupu, Jumatatu utakuta filamu inaendelea na yeye ameenda Mwanjelwa.

Mwaka wenye Kombe la Dunia au mashindano ya mataifa ya Ulaya, jioni usijisumbue kuomba. Mchana bado ni wako.

Bando ni njia ya mwisho kwa video, maana saa moja ya picha, hata ya ubora wa kati, inameza mamia ya MB, na mechi moja ya wanaume inaweza kwenda saa nne. Lakini bando ni njia ya kwanza kwa sauti. Wimbledon wana redio yao mtandaoni, ya bure, kwa Kiingereza, na inakula kidogo sana. Mimi siku za kazi naweka spika sikio moja, karatasi ya droo chini ya daftari la hesabu, na mpaka saa kumi na moja jioni nimeshamaliza mechi mbili bila bosi kujua. Kama bosi anasoma hapa, nilikuwa natania.

## Hatua ya 5: Kila usiku, soma ratiba ya kesho

Ratiba ya siku inatoka jioni ya siku iliyotangulia, kwenye tovuti yao, sehemu iliyoandikwa "Order of Play". Ni mechi ya kwanza tu ya kila uwanja yenye saa ya uhakika. Zinazofuata huanza pale iliyotangulia inapoisha, kwa hiyo ukiona mtu wako ni wa tatu Uwanja Namba 12, piga hesabu.

Mechi inagawanywa kwa seti, na seti kwa gemu; kwa kawaida anayefikisha gemu sita kwanza, akiwa mbele kwa mbili, anachukua seti. Mechi ya wanaume ni seti tatu za kushinda kati ya tano: weka saa mbili na nusu hadi tatu. Ya wanawake ni mbili kati ya tatu: weka saa moja na nusu hadi mbili. Kama mbele ya mtu wako kuna ya wanaume moja na ya wanawake moja, kuanzia saa saba mchana anaingia kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni. Kaa tayari nusu saa kabla, kwa sababu mtu akiumia na kujitoa kila kitu kinasogea mbele ghafla.

## Hatua ya 6: Jua unachotazama

Tatizo la kwanza kwenye TV ya kibanda: wote wawili wamevaa nyeupe. Ni sheria ya pale. Dakika ya kwanza tafuta tofauti moja, ya kofia, kitambaa cha kichwa, au mkono wa kushoto. Na kumbuka wanabadilishana upande kila baada ya gemu namba witiri, ya kwanza, ya tatu, ya tano. Nimeshamsikia mzee mmoja akimshangilia mtu saa nzima, kumbe kila walipobadilishana alikuwa anamshangilia mpinzani wake. Kijialama kidogo kando ya jina kwenye ubao wa matokeo kinaonyesha nani anapiga sevu. Kifuate hicho, acha kufuata upande.

Tatizo la pili ni kutazama mpira. Siku hizi nne, tazama miguu. Nyasi za Wimbledon hukatwa hadi milimita 8, na Jumatatu bado ni mbichi, zina unyevu, hazijakanyagwa. Zinateleza. Mwaka 2021, Jumanne moja, Centre Court moja, Adrian Mannarino aliteleza akaumia goti dhidi ya Roger Federer, na mechi iliyofuata Serena Williams akaumia mguu akashindwa kuendelea. Ukiona mchezaji anapiga hatua fupi fupi kama mtu anayeshuka mlima Loleza baada ya mvua, huyo anajua nyasi. Anayekimbia kwa hatua ndefu na kusimama ghafla, mwekee alama ya wasiwasi. Kufikia wiki ya pili pale kwenye mstari wa nyuma panabaki vumbi tupu, na mchezo unabadilika. Kwa hiyo haya ya miguu yanaonekana sasa au hayaonekani.

Tazama pia mpira wa kukata. Ule unaopigwa kwa raketi kushuka chini, ukifika kwenye udongo unapanda mpaka kiunoni; kwenye nyasi unateleza karibu na kifundo cha mguu. Mchezaji aliyelelewa kwenye udongo anainama kuufuata mpaka magoti yanamlilia.

Halafu kuna breki. Mpiga sevu anatarajiwa kuchukua gemu yake. Anayepokea akimnyang'anya, hiyo ndiyo breki, na kwenye nyasi breki moja mara nyingi inatosha kumaliza seti. Hii inakupa ruhusa ya kupumua. Gemu zikiwa 1-1 au 2-2, unaweza kwenda kununua mahindi ya kuchoma. Mpiga sevu akifika 0-30, yaani amepoteza pointi mbili za kwanza za gemu, usinyanyuke. Gemu zikifika 4-4, mtu asipite mbele ya TV.

Wanapobadilishana upande wanakaa sekunde 90, isipokuwa baada ya gemu ya kwanza ya seti, ambapo hawakai. Sekunde 90 ni kikombe kimoja cha chai, kumimina na sukari.

Kwa waliokuwa wakitazama zamani wakaacha: seti ya mwisho ikifika 6-6 sasa inachezwa taibreka, gemu ya kuamua, ya pointi 10, tangu 2022. Na tangu 2025 hakuna waamuzi wa mistari. Mashine ndiyo inayotamka mpira umetoka. Usikae unasubiri mchezaji akate rufaa ya mstari, hazipo tena.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kusema kabla ya mtangazaji, "Huyu anavunjwa gemu hii." Hata ukikosea nusu ya mara, tayari unatazama tenisi.

## Hatua ya 7: Mvua na giza

Sisi huku Juni hatuna mvua, tuna baridi kavu na vumbi. Kwao manyunyu tu yanatosha kusimamisha viwanja vya pembeni, maana nyasi ikilowa haichezeki. Centre Court ina paa tangu 2009 na Uwanja Namba 1 tangu 2019. Ukiona picha imehamia huko ghafla, TV yako haijaharibika. Usizime, na usiondoke kibandani. Fungua ratiba, uone mtu wako amesogezwa wapi.

Giza linawachanganya wengi zaidi. Hapa Mbeya jua limezama saa kumi na mbili na nusu hivi, lakini London wiki hizo linazama karibu saa tano na dakika ishirini usiku kwa saa zetu. Kwa hiyo mechi iliyoanza saa mbili usiku kwenye uwanja wa pembeni bado ina muda mwingi wa kuchezwa. Isipoisha, inasimamishwa na kuendelea kesho palepale ilipokomea. Usiifute kwenye karatasi. Andika matokeo ya hapo, weka mshale.

Mshale wangu ninaoupenda ni wa 2010. John Isner na Nicolas Mahut, raundi ya kwanza, Uwanja Namba 18. Walianza Jumanne jioni, giza likawakuta. Jumatano wakafika 59-59 kwenye seti ya tano, ubao wa matokeo ukiwa umeganda zamani kwenye 47-47, giza likawakuta tena. Wakamaliza Alhamisi, 70-68, saa 11 na dakika 5 za kucheza. Waliokuwa wanasubiri wikiendi walisoma habari hiyo kwenye gazeti.

## Hatua ya 8: Jumatano na Alhamisi

Hapa kazi ni nyepesi. Futa waliotoka, sogeza majina mbele, uone nani kati ya wanne wako amebaki. Wakitoka wote, chukua waliowatoa. Ndivyo ilivyo haki.

Usilegeze macho eti mabingwa wameshapita raundi ya kwanza. Lukáš Rosol alimtoa Rafael Nadal raundi ya pili ya 2012, akiwa wa 100 duniani, na Sergiy Stakhovsky alimtoa Federer raundi ya pili ya 2013. Zote mbili zilichezwa Centre Court.

Mtu atakuja na mkeka wa kubeti akikuomba umjazie majina kutoka kwenye karatasi yako. Mwambie hapana. Mtu mwenye mkeka hatazami tena miguu, anatazama hela yake tu.

Alhamisi usiku, viwanja vikifungwa, droo yako inatakiwa iwe hivi: majina 32 yamebaki kila upande, penseli imefifisha mengine, kuna doa la chai pembeni na angalau jina moja usilolijua Ijumaa iliyopita ambalo sasa umelipigia mstari mara mbili. Ikunje, iweke chini ya godoro inyooke. Kesho saa saba mchana raundi ya tatu inaanza, na mwenye kibanda ameshaniuliza kama tunakuja.